Karibu, Baba Philémon

Jumapili ile Mama Séphora alikuta kiti chake kimekaliwa.

Kilikuwa kiti cha mbao, safu ya mbele upande wa akina mama, na kila mtu katika kanisa lile la Kamina alijua kwamba ni cha mama mshauri. Hata watoto watundu walikikwepa. Sasa juu yake alikaa Mama Agar, msaidizi wake, mwanamke ambaye jana yake tu alikuwa amepita uani kuomba chumvi, akaondoka nayo akicheka.

"Iko nafasi kule nyuma, Mama," Agar alisema, macho kwenye kitabu cha nyimbo. "Mama Pasta njo alisema vile."

Séphora alienda nyuma. Ni mwendo mfupi, lakini jaribu kuutembea huku kanisa zima likigeuza shingo pamoja nawe. Alibanana na wasichana wa kwaya waliochelewa na mtoto mmoja aliyekuwa akila ndizi, akaimba kila wimbo mpaka mwisho. Kunyamaza kungekuwa kukiri kosa ambalo hata hajaambiwa.

Aliambiwa baada ya ibada, nje, karibu na pipa la maji ya mvua. Mama Éliane, mke wa mchungaji na mkuu wa kamati ya akina mama, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Ndaya balimukamata ijumaa ku gare," alisema. "Bwana yake alikuwa namungojea pa quai. Hata mbele ya kutia muguu mu gari. Alikamata batoto yote mbili, akabarudisha ku Base. Ndaya alibakia na valizi."

Séphora alishika ukingo wa pipa. Ndaya alikuwa mke wa sajini mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi, mwanamume mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Alhamisi iliyotangulia alikuwa amekaa nyumbani kwa Séphora, mlango umefungwa, akaeleza mpango wake wote: gari la moshi la Ijumaa kutoka gare ya Kamina mpaka Bukama, kisha mashua mpaka Kinkondja, kwa kaka zake wavuvi. Walikuwa wamelia pamoja. Walikuwa wameomba.

"Ile mpango alisema wapi?" Mama Éliane aliuliza. "Kwako. Mulikuwa bantu ngapi mu chumba?"

"Tatu. Minyi, Agar, na Ndaya mwenyewe."

"Agar aliapa mbele ya pasta."

"Na minyi nitaapa."

"Weye uko na bwana ku reli, Mama Séphora. Bwana ya reli anapita mu magare yote, anasema na bantu yote. Bibi anasemaka na bwana yake mu kitanda, tunajua. Minyi pia niko na bwana. Mais minyi najua kufunga kinywa." Alinyosha mkono. "Siku ya tatu comité itakuya kwako, utajibu. Leo leta foulard."

Foulard ile ya buluu ilikuwa alama ya mama mshauri. Séphora aliifungua hapo hapo kichwani, mbele ya watu waliokuwa wakijifanya wanasalimiana, akaikunja vizuri, akaikabidhi. Kisha akarudi nyumbani akiwa kichwa wazi, mvi zake zote nje, akipita katikati ya mtaa ambao jana tu ulikuwa ukimwita mama.

Nyumbani mumewe Masengo alikuwa kwenye mapumziko. Alikuwa mkuu wa treni, mtu wa kutoka Kamina na magari ya mizigo na abiria na kurudi siku ambayo Mungu na lokomotivi wamekubaliana. Séphora alimsongea bukari, akaweka na sombe ya majani ya muhogo, na baada ya kunawa alimweleza kwa kifupi, bila kulia.

"Banasema njo minyi nilitoa siri ya Ndaya."

Masengo alisimamisha tonge njiani. Alikuwa mpole kwa tabia, lakini sasa uso ulimbadilika.

"Comité ya bure," alisema. "Weye ulifanya nini? Ulimuambia tu Ndaya abebe ule mutoto mukubwa ku mugongo na kumufunika na kikwembe, sawa mutoto mugonjwa, juu askari ya gare basimujue. Iko zambi gani pale?"

"Hakuna," Séphora alisema.

Aliendelea kula. Alitafuna, akameza, akamwongezea mumewe sombe. Lakini shauri lile la kumbeba mtoto mgongoni hakuwa amemwambia mtu, na Masengo siku ile alikuwa bado safarini na gari. Hata Agar hakulisikia, maana wakati ule Agar alikuwa ametoka kuangalia makaa. Chumbani walibaki Ndaya na yeye, magoti kwa magoti, na katikati yao kigoda, na juu ya kigoda simu yake iliyowashwa taa.

Chumba cha sala cha Séphora kilikuwa stoo ya zamani isiyo na dirisha, na kilikuwa na sheria. Kila mama aliyeingia alivua viatu mlangoni na kuacha simu yake katika beseni la bati, chini ya kitambaa, ili mambo ya ndani yasitoke nje. Simu moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kuvuka kizingiti, nayo ni ya Séphora mwenyewe, kwa sababu ilikuwa na taa kali, na ilikuwa na Biblia ya Kiluba inayosoma kwa sauti, na mama wengi wazee hawakujua kusoma. Wanawake werevu, walioziogopa simu zao zote, waliizunguka hiyo moja kama wanaota moto.

Masengo ndiye aliyemletea, siku alipochaguliwa kuwa mshauri. Kijana Jéthro, fundi wa simu kwenye barabara ya kwenda Base, alikuwa ameipanga yote kabla: Biblia hapa, taa hapa. Na kila wiki, popote gari lilipokwama, Masengo alimtumia mkewe mégas za intaneti za kutosha. Majirani walimwonea wivu. Mume gani siku hizi anakumbuka mégas za mkewe? Séphora naye alijisifu kidogo, asamehewe. Hakuwa amejiuliza kwa nini simu ile ilikuwa moto hata akiwa hajaigusa, wala kwa nini mégas ziliisha na yeye anaimba tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na simu ile ilikuwa nguoni mwake kutwa nzima, imefungwa kwenye pindo la kikwembe.

Masengo aliondoka na gari Jumatatu. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni kwa muda, kofia mkononi, kama mtu aliyesahau kitu.

"Mama Élisha," alisema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "ile mambo ya comité itapita."

"Itapita," alijibu. Alimtazama mpaka akakata kona, na hakumpungia mkono.

Mchana ule alienda kwa Jéthro. Kioski chake kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, na mbele yake mwavuli mkubwa na benchi. Juu ya ubao simu za askari zilikuwa zimepangwa zikichaji, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina.

"Mama wa Mungu," Jéthro alimpokea kwa furaha. "Biblia inasoma muzuri?"

"Inasoma. Mais téléphone inachomeka sana. Hata nikiiweka tu, iko moto."

"Ni jua, Mama. Ni jua ya Kamina."

"Mu nyumba haina jua, mutoto wangu. Nazani ni ile torche. Iko nakula mégas. Itoe, nitatumia taa ya mafuta."

Tabasamu la Jéthro lilibaki mahali pake, ila macho yaliacha kucheka.

"Apana, Mama. Torche na Biblia viko pamoja. Ukitoa moja, ingine inakufa."

"Taa inatumikisha mégas juu ya nini?"

"Ni vile appli iko," alisema, akamrudishia simu haraka, akamgeukia askari aliyekuja kuchukua yake. Yule askari alimpigapiga begani kwa mazoea ya ndugu. Séphora aliifunga simu pindoni na kuondoka. Alikuwa amesoma mpaka sekondari ya misheni, na hata kama hangesoma, alijua kwamba taa haina haja ya kuzungumza na mtu.

Njiani alipita nyumbani kwake kwanza. Aliiingiza simu ndani ya mtungi wa unga, akafunika. Kisha akaenda kumtafuta Ndaya, na kiuno chake kilikuwa chepesi kwa namna iliyomtia uchungu.

Ndaya alikuwa kwa shangazi yake, nyuma ya soko, amekaa kwenye mkeka na valizi lake bado limefungwa kamba. Shavu moja lilikuwa limevimba. Hakuinuka. Hakumpa kiti, na katika nchi ile mgeni asiyepewa kiti amekwisha kuambiwa yote.

"Nilikuwa nakuita mama," Ndaya alisema.

"Uliniita vile."

"Batoto beko ku Base. Ule mudogo ananyonya bado. Matiti inaniuma, Mama. Na weye unakuya hapa juu ya nini?"

Séphora alisimama na hakujua mikono yake aiweke wapi. Alitamani kumwambia kila kitu, lakini ni kitu gani alichokuwa nacho? Neno moja lililomtoka mumewe akila, na simu ya moto.

"Kesho kutwa comité inakuya kwangu," alisema. "Kuya na weye. Usiniamini. Kuya tu."

Ndaya aligeuza uso ukutani.

Jumatano asubuhi Séphora aliitoa simu, akaipangusa, akampigia mumewe. Gari lilikuwa Luena, likingoja lokomotivi.

"Comité balirudisha ku juma ingine," alimwambia. "Leo niko peke yangu mu nyumba. Nitalala kidogo mchana."

"Lala, Mama Élisha. Sisi hapa hatutoki mpaka kesho."

Ulikuwa uongo, na alikuwa ameuombea msamaha kabla ya kuusema. Aliiweka simu juu ya kigoda katika chumba cha sala, taa ikiwaka, na kuiacha. Mwanamume anayemwinda mkewe hatulii akijua yuko peke yake. Hilo ndilo alilolitegemea, na kulitegemea tu kulimfedhehesha. Simu ikilia, jina lake litapona na ndoa yake itavuliwa nguo mbele ya watu. Isipolia, atakuwa amemchafua mume wa miaka yote hiyo kwa bure. Hakujua aombe lipi, kwa hiyo hakuomba.

Kamati ilifika mchana: Mama Éliane na mkoba wake mweusi, Agar nyuma yake, na mama wazee wawili wa kwaya. Séphora aliwapokea mbali na nyumba, kule kwenye kinu, kabla hata hawajapiga hodi. Ndaya hakuwa pamoja nao. Alitokea baadaye kidogo, peke yake, akasimama kando ya ua bila kumsalimia mtu.

"Hautuingizi?" Mama Éliane aliuliza.

"Nitawaingiza. Mais nalomba kitu moja. Mutavua viatu, mutaweka téléphone mu beseni, mutaikala, na hamutasema hata neno. Hata kukohoa. Mukinisikia nasema uwongo, muniachie niuseme."

"Mama Séphora, sisi tulikuya kusikia jibu. Haiko mchezo."

"Hii njo jibu yangu."

"Na kama haikutosha?"

"Nitakupatia ufunguo ya chumba ya sala, na hautaniona tena mu kanisa ile."

Mama Éliane aliweka mkoba chini. Kisha alivua viatu vyake vya kisigino, mmoja baada ya mwingine, na uso wa mtu anayefanya hisani kubwa. Simu nne zilishuka ndani ya beseni. Ndaya hakuwa na simu, mumewe alimpokonya zamani.

Waliingia na kukaa kwenye mikeka kuizunguka ile taa. Séphora alibaki mlangoni. Alingoja mpaka vikwembe vikaacha kusugua, mpaka pumzi za wale wazee zikatulia. Halafu aligonga ubao wa mlango, kama mgeni anavyogonga.

"Karibu, Baba Philémon," alisema kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote. "Karibu. Vua viatu, ikala hapa karibu yangu. Usiogope. Baba Élisha iko ku Luena."

Katika mtaa ule hapakuwa na Philémon hata mmoja. Agar alifungua kinywa, Mama Éliane akamkamata goti.

Séphora alimimina maji kwenye bilauri, polepole, yasikike. Alivuta kigoda kingine kikakwaruza sakafu. "Kunywa," alisema. "Siku mingi hatukuonana."

Simu ilikaa kimya.

Nje mtu alikuwa akitwanga muhogo. Mama mzee mmoja alianza kusukumwa na kikohozi, akaziba kinywa kwa pindo la nguo mpaka machozi yakamtoka. Mama Éliane alikuwa ameanza kutikisa kichwa, na Séphora aliona kutikisika kule. Basi amekosea. Mumewe amelala usingizi wa mchana huko Luena, na yeye amejitia uzinzi wa kuigiza mbele ya mke wa mchungaji. Alikaribia kusema nisameheni, tuinuke. Badala yake alicheka, cheko fupi la chini.

"Apana, Baba Philémon," alisema. "Kwanza zima taa."

Simu ilipiga kelele juu ya kigoda, na wanawake wote waliruka. Kwenye kioo palikuwa na jina: Baba Élisha.

Séphora aliiacha ilie kwanza. Kisha aliibonyeza, akaweka haut-parleur, sauti isikike chumba kizima.

"Allô."

"Mama Élisha, uko na nani?" Sauti ya Masengo ilikuwa imekatika pumzi, na nyuma yake watu wa gare walikuwa wakiitana.

"Niko nalala."

"Usinidanganye. Philémon ni nani?"

"Philémon gani?"

"Ule uko namupatia maji! Ule ulimuambia avue viatu!"

Séphora aliinama karibu na simu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mezani.

"Baba Élisha, niko na Mama Pasta. Niko na Mama Agar. Niko na bamama mbili ya kwaya, na Ndaya. Bote balivua viatu. Banakusalimia."

Kule Luena mtu alipuliza filimbi. Agar akaanza kulia.

"Nani alitia hii kitu mu téléphone yangu?" Séphora aliuliza.

"Jéthro." Ilitoka kama mtu anayetema mfupa. "Minyi njo nilimulomba. Ku gari benzangu banachekaka, banasema bibi ya muntu wa reli ni bibi ya bantu bote. Wivu ilinikamata. Mais Mama Élisha, hata siku moja sikusikia mubaya. Nilikuwa nakusikia unaimba, unatwanga. Njo nilikuwa napata usingizi."

Kitu fulani kililainika ndani ya Séphora, na alikichukia kwa kulainika.

"Siku ile balinivua foulard, ulijua haikuwa minyi. Ulikuwa nakula sombe yangu, na ulijua."

"Niliona haya."

"Haya yako njo minyi nilivaa ku kichwa, toka kanisa mpaka nyumba."

Ndaya alikuwa amesogea kwa magoti. Aliongea na simu bila kuigusa.

"Baba Masengo, ni minyi, Ndaya. Ulisikia vile nililia. Ulisikia na siku ya gari. Njo weye uliambia bwana yangu?"

"Apana, Mama. Naapa mbele ya Leza. Sikuambia muntu. Nilikuwa nasikia peke yangu."

Séphora alifumba macho. Baba yake alikuwa mkuu wa gare kule Kabondo-Dianda, na katika utoto wake wote simu ya reli ilikuwa ukutani, waya mmoja kutoka gare mpaka gare. Jambo la kwanza walilofundishwa watoto wa nyumba ile ni kutotaja chochote cha nyumbani karibu nayo ikiwa wazi.

"Baba Élisha," alisema. "Uko muntu wa reli. Simu ya gare, ile ya waya, ukiinua, nani anasikia?"



"Magare yote," alisema.

"Magare yote. Ku waya hakuna muntu anaikalaka peke yake. Jéthro alitia sikio yako humu. Unazani yake aliiacha inje?"

"Bwana yangu," Ndaya alisema polepole, "anachargeaka téléphone kwa Jéthro."

Hapo macho yote yalirudi kwenye kigoda. Simu ilikuwa pale, taa yake ikiwaka, ikiwasikiliza. Mama Éliane alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Huenda alikumbuka mambo yake mwenyewe aliyowahi kuyasema katika chumba kile, magoti kwa magoti, maana mke wa mchungaji naye ana mambo yake.

Séphora alimkata mumewe bila kumuaga. Kisha aliinama tena, ingawa hapakuwa na mtu aliyempigia.

"Jéthro," alisema. "Kama uko nasikia, usifunge. Tuko nakuya."

Walitoka wote sita, wengine viatu mkononi. Mtaa uliwatazama wakipita, Mama Pasta peku, Ndaya mbele na shavu lake lililovimba, na hakuna aliyethubutu kuwauliza wanakwenda wapi.

Kioski kilikuwa kimefungwa. Kufuli kubwa lilining'inia mlangoni. Lakini mwavuli ulikuwa wazi bado, na juu ya benchi simu ya mtu ilikuwa imefunguliwa tumbo, skrubu zake zikiwa zimemwagika kando, na bisibisi kati yake. Ndani redio ilikuwa ikipiga muziki.

"Alitoka sasa hivi," alisema mama muuza beignets wa jirani, akigeuza maandazi yake kwenye mafuta. "Na mbio. Kofia yake aliiacha. Balimuita juu ya nini?"

"Njo minyi nilimuita," Séphora alisema.

Mama Éliane alifungua mkoba wake mweusi. Foulard ya buluu ilikuwa mle ndani, aliileta kumfunga Agar. Aliitoa, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "tulikukosea."

"Hiyo utaniambia siku ingine," Séphora alijibu, na hakuipokea. "Batoto ya Ndaya kwanza. Bibi ya commandant ya Base anasali na sisi, weye unamujua muzuri. Kama tukienda kwake leo, mbele ya..."

Ndaya alimziba kinywa kwa kiganja. Kwa mkono mwingine alionyesha kiuno cha Séphora, pale pindo la kikwembe lilipotuna.

Séphora alilifungua pindo; kwa mazoea tu alikuwa ameifunga simu pale walipotoka. Ilikuwa simu nzuri, nzuri kuliko zote ambazo mwanamke wa mtaa ule alikuwa nazo, na kwenye barabara ile kitu kizuri hakilali palipo wazi. Aliilaza juu ya benchi la Jéthro, kando ya ile nyingine iliyofunguliwa tumbo. Kisha aliwashika Ndaya na Mama Éliane mikono, akawavusha reli iliyopita nyuma ya kioski, na wale wengine wakafuata, mpaka ng'ambo, kwenye majani, ambako redio ya kioski haikusikika tena.

"Mama Séphora!" muuza beignets aliita kutoka kule. "Téléphone yako iko nalia! Ni Baba Élisha!"

"Minyi najua," alisema, si kwa nguvu, na hakugeuka. Alimvuta Ndaya karibu. "Sema sasa, mutoto wangu. Hapa ni sisi tu."